Majira ya kuchipua shuleni: maswali ya wazazi wanaozungumza Kiswahili wenye watoto wa shule za msingi Marekani

Kuanzia Machi mpaka shule zifungwe (mwishoni mwa Mei kwingine, katikati ya Juni kwingine) begi la mtoto wa shule ya msingi huku Marekani hunenepa kwa karatasi. Za njano, za kijani, za waridi, nyingine zimekunjwa mara nne na kumwagikiwa maziwa. Kwa miaka kadhaa nimekaa mezani na wazazi wenzangu tukizifungua moja moja, na maswali huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mjue tu kwamba nchi hii haina wizara moja inayopanga kalenda ya shule zote: kila jimbo lina sheria zake na kila wilaya ya shule ina ratiba yake. Kwa hiyo tarehe za kwenu mtazipata kwenye kalenda ya wilaya yenu, si kwa shemeji anayekaa jimbo jingine.

Karatasi ni nyingi mno. Nianze na ipi?

Anza na zile zenye mstari wa saini chini. Karatasi yenye mstari wa saini inakusubiri wewe, na mara nyingi kuna jambo ambalo mtoto hataruhusiwa kulifanya mpaka irudi shuleni. Kisha tafuta tarehe, kisha alama ya dola. Nyingine zote ni matangazo, zinaweza kungoja mpaka baada ya chakula cha jioni.

Kwenye tarehe kuna mtego. Wamarekani hutanguliza mwezi. 04/05 kwao ni tarehe 5 Aprili, si tarehe 4 Mei kama tulivyozoea sisi. Namjua baba aliyefika shuleni amevaa koti lake zuri kwa tamasha la bintiye, akakuta milango imefungwa na mlinzi anamwambia tamasha lilikwisha mwezi uliopita.

Mtego wa pili ni saa. Barua ikisema 2:30, hiyo ni saa nane na nusu mchana kwa Kiswahili, si saa mbili na nusu. Wengi tunalijua hilo, lakini ukiwa umechoka na zamu ya usiku, jicho husoma mbili na akili hukubali.

Simu inaweza kukusaidia: piga karatasi picha, programu ya kutafsiri ikusomee. Ila isikuchekeshe ikikuambia kuna "tamasha la chemchemi" au "likizo ya chemchemi". Hakuna maji yanayobubujika popote. Kwa Kiingereza neno la chemchemi na la majira haya ni moja, na programu huchagua lile isilopaswa.

Kwa nini mwanangu alichelewa Jumatatu wakati tumeamka saa ile ile?

Kwa sababu saa ilisogezwa mbele. Jumapili ya pili ya Machi, ikifika saa nane usiku, saa zote zinarukia saa tisa. Simu hujirekebisha yenyewe, lakini saa ya ukutani na ya jikoni haina habari. Utaratibu huu wa Jumapili ya pili ya Machi umefuatwa tangu 2007. Hawaii haibadilishi saa, na Arizona pia haibadilishi, isipokuwa eneo la Wanavaho, kabila la wenyeji wa asili.

Mwili wa mtoto hauna kitufe cha kurekebisha. Wiki moja kabla, mlaze mapema kwa dakika 10 au 15 zaidi kila siku mbili. Na ukipiga simu nyumbani ukumbuke: kwa aliye kwenye majira ya New York, tofauti na Nairobi au Dar es Salaam inashuka kutoka saa 8 hadi saa 7. Bibi atakapopokea kwa sauti ya kawaida badala ya usingizi, ujue ni hilo.

Likizo ya majira haya ni ya muda gani? Naweza kuiongeza tukasafiri?

Kwa kawaida ni wiki moja, kati ya Machi na Aprili. Wilaya mbili jirani zinaweza kuwa na wiki tofauti, jambo linalowasumbua sana wenye mtoto mmoja huku na mwingine kule. Siku zilizopotea kwa theluji pia huweza kuja kudaiwa: baadhi ya wilaya huzifidia kwa kukata likizo hii au kusogeza mbele siku ya kufunga shule. Angalia kabla ya kununua tiketi.

Kuiongeza inawezekana, lakini ujue hesabu. Shule nyingi humhesabu mtoto kuwa mtoro sugu akikosa asilimia 10 ya siku za masomo. Mwaka wa siku 180 unamaanisha siku 18, na humo zinaingia hata siku alizokuwa mgonjwa na una cheti cha daktari. Ruhusa inakuondolea lawama, haifuti siku. Mtoto aliyeugua mafua mara tatu wakati wa baridi, kisha akaenda Kigoma kwa wiki mbili kwenye harusi, ameshafika.

Tena wilaya kadhaa humfuta mtoto kwenye orodha akikosa siku nyingi mfululizo bila taarifa, na ukirudi unaanza kumwandikisha upya. Kama safari ni ya lazima, msiba kwa mfano, andika barua fupi kabla ya kuondoka: jina la mtoto, siku ya kwenda, siku ya kurudi, sababu. Fanya vivyo hivyo kwa Idi. Shule nyingi hutoa ruhusa kwa sikukuu za dini, lakini lazima mtu awaambie, maana mwandamo wa mwezi haumo kwenye kalenda yao.

Nimeitwa kwenye mkutano na mwalimu. Kiingereza changu hakitoshi. Mtoto anitafsirie?

Hapana. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna mama mmoja, rafiki yangu, alikwenda na mwanawe wa darasa la 2. Mwalimu alieleza kwa upole kwamba mtoto yuko nyuma katika kusoma. Mtoto akatafsiri: "Mwalimu anasema niko nyuma." Mama akajibu, "Basi mwambie akusogeze mbele, labda huoni ubao." Mtoto akatafsiri hilo pia. Mwalimu akashangaa, lakini kwa adabu akamhamishia dawati la mbele. Mwezi wa tano ripoti ilipokuja, mama akauliza mbona hali haijabadilika na dawati lilishahamishwa.

Mtoto hakudanganya. Alitafsiri neno kwa neno, kwa uwezo wa mtoto wa miaka saba. Na kuna wengine wakubwa kidogo ambao wakisikia jambo baya hulipitisha kwenye sukari kwanza.

Una haki ya mkalimani, bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake ya kitaifa. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyoletwa na familia za Wachina wa San Francisco, ilitumia sheria hiyo kusema kwamba shule haiwezi kumwacha mtoto asiyejua Kiingereza akae tu darasani bila msaada. Na kwa mikutano ya watoto wenye mahitaji maalumu, ile ya mpango uitwao IEP, kanuni zinaitaka shule ihakikishe mzazi anaelewa kinachosemwa, ikiwa ni pamoja na kumletea mkalimani. Mpango huo lazima upitiwe angalau mara moja kwa mwaka, na mikutano mingi huangukia majira haya.

Namna ya kuomba: piga simu ofisini au mwandikie mwalimu siku kadhaa kabla, si asubuhi ya mkutano. Sentensi moja yatosha: nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Taja Kiswahili cha wapi kama ni muhimu. Mzazi wa Uvira na mkalimani wa Mombasa wataelewana, lakini wakati mwingine kwa kusukumana kidogo. Na kama lugha yako ya moyo ni Kibembe, Kinyamulenge au Kisomali, sema hivyo. Watu wengi huandikwa Kiswahili kwa sababu tu ndicho kilichokuwa kwenye orodha.

Mkutano wenyewe ni mfupi, dakika 15 au 20, na mkalimani anakula nusu ya muda huo. Kwa hiyo nenda na maswali mawili, si kumi. Mimi huuliza: anasoma kwa kiwango cha darasa gani sasa hivi, na nifanye nini nyumbani mpaka Juni? Swali la "ana tabia nzuri?" hupewa jibu la ndiyo, kila mtu anatabasamu, dakika zinaisha.

Mitihani ya jimbo ni ya nini? Akifeli atarudia darasa?

Sheria ya serikali kuu ya 2015 inayataka majimbo yapime kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, na sayansi angalau mara moja kati ya darasa la 3 na la 5. Mitihani mingi hufanywa Aprili na Mei. Kwa sehemu kubwa inaipima shule kuliko inavyompima mtoto. Huku si kama mtihani wa darasa la saba wa kwetu unaoamua utakwenda sekondari ipi.

Kuna tofauti moja ya kuangalia. Majimbo kadhaa yana sheria ya kusoma ya darasa la 3: mtoto asiyefikia kiwango anaweza kubakizwa. Mississippi ilipitisha ya kwake 2013, na inafahamika sana. Sheria hizo huwa na misamaha, mara nyingi pamoja na ya watoto ambao bado ni wachanga katika kujifunza Kiingereza. Kama una mtoto wa darasa la 3, uliza mapema, Januari au Februari. Mei ni kuchelewa.

Mtoto aliye chini ya miezi 12 katika shule za Marekani anaweza kusamehewa mtihani wa kusoma mara moja, ikiwa jimbo lenu limechagua njia hiyo. Hesabu atafanya.

Usichanganye mitihani hii na ule wa Kiingereza unaofanywa na watoto wanaojifunza lugha. Majimbo mengi hutumia ule wa WIDA, mwanzoni mwa mwaka, na majibu hufika karibu na kufunga shule: alama kuanzia 1 hadi 6 kwa kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Karibu kila mzazi hunionyesha kwa furaha alama ya kuongea, kwa kuwa mtoto anaongea Kiingereza kama amezaliwa nacho. Mimi huelekeza kidole kwenye alama ya kuandika. Huko ndiko kazi iliko.

Wiki ya mtihani usimwekee mtoto miadi ya daktari wa meno asubuhi. Alale, ale, afike kwa wakati. Na sijaona faida ya kumwambia mtoto wa miaka minane kwamba jina la ukoo liko mikononi mwake.

Mwanangu alibaki shuleni wenzake walipokwenda ziara. Alifanya kosa gani?

Pengine hakuna kosa ila karatasi. Ilinipata mimi mwenyewe, mwaka wa kwanza. Mwanangu wa pili aliambiwa watakwenda kuona shamba lenye vifaranga na ndama. Aliongea vifaranga wiki nzima. Fomu ya ruhusa ilikuwa chini kabisa ya begi, imeshikana na ganda la ndizi, haina saini. Siku ile basi la njano liliondoka na watoto 20 na zaidi, yeye akapelekwa darasa jingine kuchora. Jioni alinionyesha mchoro: vifaranga. Shule ilikuwa imenitumia ujumbe mara mbili kwa Kiingereza, kwenye namba niliyokwisha kuiacha.

Tangu hapo nafanya mambo mawili. Begi linamwagwa mezani kila Jumapili jioni, lote, pamoja na makombo. Na namba ya simu ikibadilika, ofisi ya shule inaambiwa siku hiyo hiyo.

Kuhusu ada ya ziara, ukiwa huna, sema. Mwandikie mwalimu kwamba kwa sasa huwezi. Shule nyingi huwa na namna ya kuwalipia watoto wachache na hakuna atakayemtaja mtoto mbele ya wenzake. Mtoto anayekula chakula cha shule anaweza kufungiwa cha baridi abebe, ila jikoni wanahitaji kujua siku chache kabla. Ukitaka kwenda kama msindikizaji, wilaya nyingi huchunguza kwanza kumbukumbu zako za polisi, na uchunguzi unaweza kuchukua wiki kadhaa. Wadogo zake hawaruhusiwi kupanda basi. Usije na mtoto mgongoni.

Eti aende shule na nguo za kulalia?

Ndiyo, siku hiyo tu. Kuna wiki ya vituko: siku ya soksi zisizofanana, siku ya nywele za ajabu, siku ya rangi ya shule. Si lazima. Hakuna cha kununua, soksi mbili tofauti kila nyumba inazo. Ila thibitisha tarehe, kwa sababu mtoto mmoja aliyevaa pajama kati ya 25 waliovaa jinzi hatakusamehe.

Picha, maonyesho ya vitabu, kuchangisha fedha: nalazimika kulipa?

Hulazimiki hata moja.

Picha za majira haya mpiga picha humpiga kila mtoto, na wakati mwingine hutuma picha zilizokwisha kuchapishwa nyumbani ili ukizipenda ulipe. Usipozitaka, zirudishe kwenye bahasha ile ile. Maonyesho ya vitabu ni duka. Watoto hupitishwa mle na darasa lao, wanaandika orodha ya wanavyotamani, nusu yake ni kalamu zenye manyoya. Maktaba ya mji inaazimisha vitabu bure na kadi ya mtoto haina malipo. Nenda naye Jumamosi.

Kuchangisha, kwa kuuza chokoleti au kukimbia mizunguko, hufanywa mara nyingi na chama cha wazazi na walimu. Vyama hivi ni vya zamani: kile cha kitaifa kilianzishwa Washington mwaka 1897. Fedha zake ndizo hulipia ziara na viwanja vya michezo, kwa hiyo mimi huchangia muda wangu badala ya pesa. Kupanga viti hakuhitaji Kiingereza.

Kuna wiki ya kuwashukuru walimu. Tunapeleka nini?

Ni wiki kamili ya kwanza ya Mei. Barua ya mtoto kwa mkono wake, hata yenye makosa, ndiyo wanayoihifadhi. Ukiweza kuongeza mstari wako kwa Kiswahili, ongeza. Mwalimu ataulizia maana yake, na mtoto wako ndiye atakayekuwa mwalimu kwa dakika hiyo.

Nina mtoto wa kuanza chekechea mwaka huu. Lini namwandikisha na nipeleke nini?

Sasa. Shule zinafunguliwa Agosti au Septemba lakini uandikishaji huanza majira ya kuchipua au hata mapema zaidi, na anayechelewa huweza kukosa nafasi kwenye shule ya jirani. Kwa kawaida mtoto awe ametimiza miaka 5 kufikia tarehe fulani. Majimbo mengi hutumia tarehe 1 Septemba, mengine yana yake.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi. Wengi tuliopitia kambi za wakimbizi tumeandikiwa tarehe 1 Januari kama siku ya kuzaliwa, kwa kuwa aliyeandika fomu hakuuliza zaidi ya mwaka. Ikiwa mtoto ana cheti halisi cha kliniki au cha ubatizo chenye siku yake ya kweli, lete nacho. Miezi minane, toka Januari hadi Septemba, ni mingi kwa mtoto wa miaka mitano, na inaweza kuwa tofauti ya darasa zima.

Utaombwa uthibitisho wa umri, uthibitisho wa anwani (mkataba wa pango au bili ya umeme) na kadi ya chanjo. Hali ya uhamiaji haiwezi kutumika kumnyima mtoto shule. Mahakama Kuu iliamua hivyo mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, iliyotoka Texas. Na kama mmepoteza nyumba na mnaishi kwa ndugu, sebuleni, ipo sheria ya 1987 inayojulikana kama McKinney-Vento: mtoto aandikishwe mara moja, karatasi zitafuata. Waambie ofisini mnaishi kwa ndugu kwa sababu mmekosa nyumba. Aibu ya sentensi hiyo inapita haraka kuliko mwezi wa mtoto kukaa nyumbani.

Kuhusu chanjo, kati ya miaka 4 na 6 mtoto huchomwa dozi za nyongeza: dondakoo, pepopunda na kifaduro kwa sindano moja, polio, surua na wenzake, na tetekuwanga. Wazazi hunionyesha kadi wakisema surua amechanjwa, na ni kweli. Lakini kwetu dozi ya kwanza ya surua hutolewa akiwa na miezi 9, na huku dozi iliyotolewa kabla ya kutimiza mwaka mmoja haihesabiwi. Muuguzi si kwamba haamini kadi yako. Anahesabu kuanzia miezi 12. Usiitupe kadi ya kliniki ya nyumbani hata kama imechakaa, kwani dozi zilizopewa kwa umri unaokubalika zitamwokoa mtoto na sindano za kurudia. Miadi ya Agosti hujaa, chukua ya Aprili.

Mtoto amerudi akisema walijificha chini ya dawati. Kuna nini?

Kulikuwa na zoezi. Majira haya ndiyo yenye tornado nyingi, yaani vimbunga vikali vya nchi kavu, hasa katika majimbo ya kati na ya kusini, na shule hufanya mazoezi: watoto hupiga magoti kwenye korido isiyo na madirisha, mikono juu ya kisogo. Ujumbe wa simu una ngazi mbili. Ya kwanza inasema hali ya hewa inaruhusu kimbunga kutokea, uwe macho. Ya pili inasema kimbunga kimeonekana au rada imekinasa: shuka chini, ingia chumba kisicho na dirisha. Ikija ya pili wakati wa masomo, usiendeshe gari kwenda kumchukua. Yeye yuko salama korido, wewe ndiwe utakayekuwa barabarani.

Kuna zoezi jingine, la kufunga milango, kuzima taa na kukaa kimya kana kwamba kuna mtu mbaya ndani ya jengo. Kwa mtoto aliyekimbia vita hili si mchezo. Nimemwona mtoto aliyerudi akalala na viatu. Mwambie mwalimu na mshauri wa shule kwamba mtoto wako ana historia hiyo na waombe wakujulishe kabla ya zoezi. Unaweza kuomba akae karibu na mwalimu, na umweleze mwenyewe usiku wa kuamkia, kwa Kiswahili chako, kwamba ni zoezi.

Jua linawaka. Mbona mwalimu anaandika alete koti?

Kwa sababu simu inasema 50 na hiyo ni Farenhaiti, yaani nyuzi 10 za Selsiasi. Jua la Machi ni la macho tu. Nguo mbili tatu nyepesi juu ya nyingine ni bora kuliko koti moja zito, maana mchana atavua. Viatu vya pili viachwe darasani kama mwalimu anaruhusu, uwanja ni tope.

Mafua yasiyoisha ya Aprili, macho mekundu, kupiga chafya mfululizo: huenda ni chavua ya miti. Hata aliyekuwa hana mzio alipofika anaweza kuupata baada ya miaka miwili mitatu. Ila usimtie dawa begini, hata ya kikohozi. Dawa hupelekwa na mtu mzima kwa muuguzi wa shule, ikiwa kwenye chupa yake, pamoja na fomu, mara nyingi yenye saini ya daktari. Kipulizio cha pumu kina utaratibu wake. Kipatie karatasi mapema. Na akitoka kucheza kwenye majani marefu, mkague kupe nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya magoti.

Shule ikifungwa, chakula cha mchana kitatoka wapi?

Kiangazi kuna vituo vya chakula cha bure, shuleni, maktaba, bustanini, kwa yeyote mwenye miaka 18 au chini. Kwenye vituo vya wazi hakuna fomu na haulizwi jina. Mtoto anakuja, anakula. Shule hutangaza orodha kabla ya kufunga, au piga namba 211 uulize.

Pia tangu 2024 kuna SUN Bucks: dola 120 kwa kila mtoto anayestahili, kwenye kadi, kwa ajili ya chakula cha kiangazi. Si majimbo yote yanashiriki. Familia zenye SNAP, ule msaada wa serikali wa kununua chakula, kwa kawaida huingizwa bila kuomba. Wanaokwama ni wale ambao shule yao inawalisha watoto wote bure: mzazi hajawahi kujaza fomu ya kipato kwa kuwa hakukuwa na haja, kwa hiyo jina halimo. Uliza ofisini Aprili kama unatakiwa kujaza. Hakikisha pia anwani waliyo nayo ofisini ni ya nyumba mnayoishi sasa, kwa sababu kadi hutumwa kwa posta na haimfuati mtu.

Tunahama Juni. Nifanye nini?

Waambie kabla ya kufunga, ofisi nyingine hubaki na mtu mmoja tu Julai. Omba nakala ya ripoti, ya chanjo, ya alama za Kiingereza na ya IEP kama ipo. Sheria ya 1974 inakupa haki ya kuziona kumbukumbu za mwanao, na shule isizidishe siku 45 kukujibu. Zikiwa mkononi mwako, shule mpya haitampima upya toka mwanzo.

Koti lililopotea Februari bado linaweza kupatikana?

Nenda ukaangalie. Karibu kila shule ya msingi ina meza au reli ya vitu vilivyookotwa, kwa kawaida karibu na chumba cha chakula, na ikifika Mei inaelemewa: glavu moja moja, chupa za maji, makofia, makoti ya shilingi nyingi yenye zipu nzima. Siku chache baada ya kufunga, visivyo na mwenyewe hugawiwa. Mwaka jana nilikuta koti la mwanangu mkubwa, ambalo aliniapia kwamba liliibwa. Mfukoni mlikuwa na fomu ya siku ya michezo, haina saini, ya mwaka juzi.